Vijana na Wakongwe katika Mpira wa Kikapu

Kila msimu mpya ukaribiapo, watu wapendao mpira wa kikapu huulizana swali moja: Je, timu iwape nafasi vijana, au iwategemee wakongwe? Swali hili si la mzaha. Ndani yake mna riziki za watu, mna heshima ya wale waliotumika miaka mingi, tena mna matumaini ya vijana wanaongoja kando ya uwanja siku yao ifike. Mimi ninayo rai yangu juu ya jambo hili, nami nitaieleza. Lakini kwanza yafaa tuzisikilize pande zote mbili, maana hakimu asikilizaye upande mmoja hahukumu, bali hupendelea.

Mchezo huu ulianzishwa mwaka 1891 katika mji wa Springfield, nchi ya Marekani, na mwalimu aitwaye James Naismith. Alitaka wanafunzi wake wapate mazoezi ya kufanya ndani ya nyumba wakati wa baridi kali, akatundika vikapu viwili vya matunda huku na huku, akawaambia watupie mpira humo. Leo kila upande huwa na wachezaji watano uwanjani. Katika chama kikuu cha Marekani, kiitwacho NBA, mchezo mmoja ni dakika 48, na kila timu hucheza michezo 82 kabla ya mashindano ya kutafuta ubingwa. Mchezaji hukimbia, husimama ghafula, huruka, hugeuka, tena huanguka juu ya sakafu ngumu. Magoti na vifundo vya miguu huchoka upesi. Ndiyo sababu mtu wa miaka 35, ambaye kwetu hata mvi hana, katika mchezo huu huitwa mkongwe. Wahenga walisema: Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hapana budi tujue pia jinsi timu hizo zipatavyo watu. Kila mwaka timu zote huchagua vijana wapya kwa zamu, na zile zilizoshindwa sana hupata bahati kubwa zaidi ya kutangulia, ili wanyonge wajipatie nguvu. Tena timu zaruhusiwa kubadilishana. Timu yaweza kumtoa mkongwe ikapata zamu ya kuchagua kijana, au ikaitoa zamu yake ikampata mkongwe. Kwa hiyo kila kiongozi wa timu ni kama mkulima mwenye gunia moja la mahindi: ale leo, au apande?

Watetezi wa vijana wana maneno mazito. Husema ya kuwa mwili hauna subira, na ujana ni moshi, ukienda haurudi. Kijana wa miaka 20 hukimbia usiku huu, na kesho huamka mzima. Mkongwe hapati nguvu zake upesi hivyo. Husema tena ya kuwa mkongwe mara nyingi hulipwa fedha nyingi kwa kazi aliyokwisha kuifanya, na kijana hulipwa kidogo kwa kazi atakayoifanya. Zaidi ya hayo, hakuna mtu ajifunzaye kuogelea akiwa ameketi ufukoni. Kijana asipopewa ruhusa ya kukosea, hataupata ukongwe wenyewe. Kila mkongwe tumsifuye leo alikuwa kijana hapo zamani, na yuko mtu aliyemwamini kabla hajastahili kuaminiwa.

Watetezi wa wakongwe nao hawakosi la kujibu. Husema, Jungu kuu halikosi ukoko. Miguu ya mkongwe ni mizito, illa macho yake huona jambo kabla halijatokea. Nao hupenda kutoa mfano wa usiku wa tarehe 18 Juni mwaka 2013. Usiku huo timu ya San Antonio ilihitaji ushindi mmoja tu ipate ubingwa, nayo ilikuwa ikiiongoza timu ya Miami kwa alama tatu. Zilibaki sekunde chache. Mchezaji mmoja wa Miami alitupa mpira akakosa. Mwenzake akaudaka, akampa Ray Allen, mtu wa miaka 37. Allen alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea pembeni, mahali ambapo mtu akikanyaga mstari mpira ni haramu. Hakutazama chini. Alitupa, mpira ukaingia, alama zikalingana. Miami ikaushinda mchezo ule kwa alama 103 kwa 100, ikashinda na uliofuata, ikatwaa ubingwa. Je, miguu ile iliujuaje mstari pasipo macho? Iliujua kwa sababu ilikuwa imefanya vivyo hivyo mara maelfu, miaka na miaka, katika mazoezi ambayo hapakuwa na mtu wa kushangilia. Ujuzi wa namna hiyo kijana hazaliwi nao.

Basi, hoja zote mbili zina kweli ndani yake. Maneno matupu hayatatuamulia. Na tuziangalie timu zilizochagua njia hii au ile, tuone zilifika wapi.

Mfano ulio mkubwa kupita yote ni ule wa Brooklyn na Boston. Katika mwaka 2013 timu ya Brooklyn ilitaka ubingwa upesi. Ikaiendea timu ya Boston, ikachukua wakongwe watatu wenye sifa: Kevin Garnett, miaka 37, Paul Pierce, miaka 35, na Jason Terry, naye miaka 35. Garnett na Pierce walikuwa wameipatia Boston ubingwa mwaka 2008. Ili iwapate, Brooklyn ilitoa wachezaji kadhaa, tena ikatoa zamu zake za kuchagua vijana za mwaka 2014, 2016 na 2018, na kwa mwaka 2017 ikakubali Boston ibadilishe zamu yake na ya Brooklyn ikipenda. Yaani ilitoa mavuno ya miaka mingi, ili ipate karamu ya siku chache.

Karamu yenyewe ikawaje? Mwaka wa kwanza Brooklyn ilishinda michezo 44 katika 82, ikavuka raundi moja ya mashindano ya mwisho, kisha ikatolewa na Miami. Mwaka 2014 Pierce aliondoka. Mapema mwaka 2015 Garnett naye akaondoka. Hata miaka miwili haikutimia, na wale walionunuliwa kwa bei kubwa hawakuwapo. Katika msimu ulioisha mwaka 2016 Brooklyn ilishinda michezo 21 tu, na katika ule ulioisha mwaka 2017 ilishinda 20, ikawa ya mwisho katika chama kizima. Kwa desturi timu iliyoshindwa hivyo hufarijiwa kwa kupata kijana hodari. Brooklyn haikupata faraja hiyo, maana zamu zake zilikuwa mikononi mwa Boston.

Boston kwa upande wake ilivumilia aibu kwanza. Katika msimu ulioanza mwaka 2013 ilishinda michezo 25 tu, na mashabiki waliozoea ubingwa waliona uchungu kuwaona wapenzi wao wamevaa nguo za timu nyingine. Walakini mwaka 2016, kwa zamu ile ya Brooklyn, ilimchagua Jaylen Brown. Mwaka 2017 zamu ya Brooklyn ilikuwa ya kwanza kabisa. Boston ikaichukua, ikabadilishana na Philadelphia, ikashuka hadi ya tatu, ikamchagua Jayson Tatum. Vijana hao wawili walikua pamoja. Walishindwa mara nyingi wakiwa karibu na mlango, na mwaka 2022 walifika fainali wakashindwa. Lakini mwaka 2024 waliifunga timu ya Dallas michezo minne kwa mmoja, wakatwaa ubingwa, na Brown akatajwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Mvumilivu hula mbivu.

Mtu akiishia hapo atasema: Kesi imekwisha, vijana wameshinda. La, haijaisha. Tazameni ni nani aliyesimama katikati ya vijana hao mwaka 2024. Alikuwamo Al Horford, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, aliyekuwa ametimiza miaka 38. Aliingia katika chama kile mwaka 2007, akacheza misimu 17, na ubingwa ule ulikuwa wake wa kwanza. Mwenzake mrefu alipoumia, Horford ndiye aliyeshika nafasi yake katika michezo mingi ya mashindano yale ya mwisho. Boston iliwapendelea vijana, naam, lakini haikuifagia nyumba ikatupa na vyombo.

Iko timu iliyofagia hivyo, nayo ni Philadelphia. Tangu mwaka 2013 viongozi wake waliwatoa wachezaji waliokomaa, wakajaza timu vijana, wakakubali kushindwa ili wapate zamu za mbele za kuchagua. Katika misimu mitatu waliyoifanya kazi hiyo walishinda michezo 19, kisha 18, kisha 10. Jumla 47 katika 246. Walipata vijana wenye vipawa vikubwa, mmojawapo Joel Embiid wa Kamerun, ambaye baadaye, mwaka 2023, alitajwa mchezaji bora wa chama kizima. Hilo si dogo. Lakini kijana aliyeanza kazi katika timu ile alijifunza nini kila siku? Alijifunza kushindwa, tena kuona kushindwa ni jambo la kawaida. Hapakuwa na mtu wa kumwambia, Lala mapema, fika mapema, usimjibu mwamuzi, kosa hili tulilifanya sisi, usilirudie. Viongozi wenyewe waliliona pengo hilo, kwa kuwa mnamo Januari mwaka 2016 walimwita Elton Brand, mtu wa miaka 36, kusudi awe mlezi wa vijana. Walimwita mzee nyumba ikiwa imekwisha kuvuja. Tena, hadi kufikia mwaka 2025, timu ile ilikuwa haijavuka raundi ya pili ya mashindano ya mwisho tangu ilipoanza safari hiyo.

Hapo atasimama mtu wa tatu, aseme: Mbona mnabishana bure? Chukueni wote, vijana na wakongwe, mambo yataongoka. Neno lake ni tamu, lakini kulitenda ni kazi ngumu, na timu ya Golden State ni shahidi. Timu hiyo ilitwaa ubingwa mwaka 2015, 2017 na 2018. Kisha wakubwa wake waliumia, na katika msimu ulioisha mwaka 2020 ilishinda michezo 15 tu. Kwa hiyo ilipata zamu ya pili, ikamchagua James Wiseman, kijana wa miaka 19. Mwaka 2021 iliwachagua wengine wawili, Moses Moody na Jonathan Kuminga. Huyu Kuminga alizaliwa mwaka 2002 mjini Goma, katika Kongo, mji ambao Kiswahili husemwa sokoni na majumbani. Nia ya timu ilikuwa njema: wakongwe washinde leo, vijana wakue kwa ajili ya kesho.

Mwaka 2022 Golden State ilitwaa ubingwa tena, na Stephen Curry, mwenye miaka 34, ndiye aliyekuwa bora wa fainali. Lakini vijana walikuwa wapi? Wiseman aliumia goti, hakucheza mchezo hata mmoja msimu ule. Kuminga, mwenye miaka 19, alipata dakika chache tu katika fainali. Mwezi wa Februari mwaka 2023 Wiseman alipelekwa Detroit. Siwalaumu viongozi wala sikilaumu kijana kwa goti lake. Nataka mwone hesabu tu. Mchezo una dakika 48, na nafasi uwanjani ni tano. Jumla ni dakika 240, wala haiongezeki. Ukimpa huyu, umemnyima yule. Mkongwe husema, Siku zangu ni chache, nataka kushinda leo. Kijana husema, Nikiketi kando kila siku, nitajifunza lini? Wote wawili wana haki. Kwa hiyo haitoshi kuwakusanya katika nyumba moja. Lazima awepo mtu wa kuzigawa dakika zile 240 kwa akili na kwa haki.

Sasa nitoe rai yangu. Naona ya kuwa timu yapaswa kuwapendelea vijana. Nafasi nyingi ziwe zao, na fedha na subira ya timu ielekee kwao, kwa sababu kesho haina watu wengine wa kuijenga. Walakini naweka masharti matatu, na timu isiyoyatimiza isijivunie kupenda vijana.

Sharti la kwanza: Timu isiuze kesho yake ili inunue jana ya timu nyingine. Sisemi mkongwe asitafutwe. Mwaka 2020 timu ya Phoenix ilimchukua Chris Paul, mwenye miaka 35, kutoka Oklahoma City. Phoenix ilikuwa haijaingia katika mashindano ya mwisho tangu mwaka 2010; mwaka 2021 ilifika fainali, ingawa ilishindwa na Milwaukee. Mbona mkongwe huyu aliifaa Phoenix, na wale wa Brooklyn hawakufaa? Ni kwa sababu Phoenix ilikuwa na vijana wake wenye nguvu tayari, Devin Booker na Deandre Ayton, nayo haikuwatoa. Paul alikuwa nahodha aliyeletwa katika jahazi lenye mabaharia. Brooklyn iliwaleta manahodha, ikawatoa mabaharia wa kesho.

Sharti la pili: Vijana wasiachwe bila mlezi. Mwaka 2025 timu ya Oklahoma City ilitwaa ubingwa, nayo ni miongoni mwa timu changa kabisa zilizowahi kuupata. Ilipomtoa Paul ilivumilia kushindwa. Katika msimu ulioisha mwaka 2021 ilishinda michezo 22 katika 72. Lakini vijana wake walipoanza kupevuka, mwaka 2024 ilimtoa kijana wa miaka 21, Josh Giddey, ikamtwaa Alex Caruso, mtu wa miaka 30 aliyekwisha kuonja ubingwa na Los Angeles mwaka 2020. Kwa hesabu ya miaka biashara hiyo ni kinyume. Basi mwaka 2025, katika mchezo wa saba na timu ya Denver, ambao aliyeshindwa angekwenda nyumbani, Caruso alipewa kazi ya kumkaba Nikola Jokić, jitu linalompita sana kwa kimo na uzito. Nguvu hazikumtosha, lakini maarifa yalimtosha. Denver ilifungwa kwa alama 125 kwa 93, na vijana wakasonga mbele.

Sharti la tatu: Mkongwe apunguziwe dakika, wala asipunguziwe heshima. Hapa mwalimu wetu na awe Gregg Popovich, aliyeifundisha San Antonio tangu mwaka 1996 hadi 2025. Baada ya kuumizwa na mkono wa Ray Allen mwaka 2013, hakuivunja timu yake, wala hakuwachosha wakubwa wake kwa hasira. Katika msimu uliofuata hakuna mchezaji wake hata mmoja aliyecheza wastani wa dakika 30 kwa mchezo. Tim Duncan alikuwa na miaka 38, Manu Ginóbili miaka 36, nao waligawana kazi na wadogo zao. Walipofika fainali ya mwaka 2014 miguu yao ilikuwa bado na nguvu, wakaifunga Miami ile ile michezo minne kwa mmoja. Naye aliyetajwa kuwa bora wa fainali hakuwa Duncan wala Ginóbili, bali Kawhi Leonard, kijana wa miaka 22. Wakubwa wale hawakununa. Mkongwe wa namna hiyo hafai kutupwa kama ganda la muwa.

Nanyi wanafunzi, msidhani ya kuwa jambo hili ni la Wamarekani na fedha zao tu. Liko katika kiwanja cha shule yenu. Kila mwaka darasa la juu huondoka. Mwalimu anayewachezesha wakubwa peke yao aweza kupata kikombe mwaka huu. Lakini shule ikifunguliwa tena ataita timu, na hakuna aliyewahi kushika mpira mbele ya watu. Mwalimu anayewaweka wadogo watupu kwa kisingizio cha kesho, huwafundisha kulia. Lililo jema ni kuwachagua wadogo wengi, na kuweka kando ya kila wawili au watatu mkubwa mmoja ambaye kazi yake haihesabiwi kwa alama tu, bali pia kwa yale anayoyaacha nyuma.

Basi wewe uliye mdogo, ukipewa nafasi usijivune. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Jua ya kuwa kuna mtu aliyepunguziwa dakika zake ili wewe upate zako, kamwulize alilolijua. Nawe uliye mkubwa, siku ukiambiwa uketi kidogo, usione kwamba umefukuzwa. Mfundishe yule aliyeingia mahali pako. Mkulima mwenye busara hali mbegu zote, wala hamfukuzi mzee aijuaye siku ya kupanda.